Fundo la Mfagizi

Aliyepigwa ndiye aliyetiwa pingu. Inspekta alipofika kazini asubuhi na kukuta jambo hilo limeshafanyika, alipanda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu wa kituo kuuliza sababu.

"Sababu ni kwamba ni mwizi," Mkuu alisema.

"Ameiba nini, afande?"

"Alikuwa na bango shingoni. Limeandikwa 'mwizi'."

"Bango nimeliona. Nauliza ameiba nini. Nimepitia malalamiko yote tuliyonayo, hakuna anayemdai huyu mtu hata kijiko."

Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa tai. "Watu hawaamki tu wakamshika mtu, Inspekta. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Mtu mwenyewe alikuwa mwalimu wa udereva. Jana yake, jua halijachomoza vizuri, alikutwa amefungwa kwenye nguzo ya taa mbele ya lango la shule anayofundishia, mdomo umebandikwa utepe, bango la kadibodi linaning'inia kifuani. Taya lilikuwa limevunjika, na mbavu vilevile. Waliomleta kituoni walimbeba kwenye mkokoteni huku wanaimba, na kila aliyeulizwa alitoa jibu lile lile: sisi tumemkuta hivi hivi, kazi yote ameifanya Mfagizi.

Mfagizi hayupo. Yaani yupo, lakini kwenye runinga, kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari. Ni shujaa wa tamthilia, anavaa koti refu jeusi na kitambaa usoni, anawakamata wahalifu wakati polisi wamelala, kisha anawafunga kwenye nguzo na kuwavisha bango la makosa yao. Asubuhi watu wanakusanyika, wanapiga makofi, muziki unapanda. Haijatokea hata siku moja Mfagizi akamfunga asiye na hatia, na hilo halihitaji akili nyingi: nani ni mwizi ameshaamua mwandishi, kabla hata ya kamera kuwashwa. Nguzo ya mtaani haina mwandishi.

Inspekta alimwonea wivu Mfagizi, na hakuwa na haya kulikiri hilo. Mfagizi hajawahi kuishiwa mafuta ya gari. Hajawahi kuambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu hakimu ana udhuru. Mume wa Inspekta, mtu mpole anayefumba macho kuku akichinjwa, kila Alhamisi husogeza kiti mbele ya runinga na kusema, "Umeona, mama watoto? Matangazo hayajaingia, kesi imekwisha. Nyie ile ya pikipiki mmefikia wapi?" Anasema hivyo macho yanamng'aa, na Inspekta hakumbuki mara ya mwisho macho yale yalimng'alia yeye ilikuwa lini. Kumwonea kijicho mwanamke mwenzako ni jambo linaloeleweka. Kumwonea kijicho mtu wa kubuni ni aibu, na alikuwa amezoea kuimeza na chai.

"Hospitali wanataka kitanda chao," Mkuu aliendelea. "Jioni anahamia mahabusu."

"Na taya hilo?"

"Hatumpeleki kutafuna mifupa. Niletee mtu mwingine kabla ya jioni. Ukikosa, huyu ndiye niliye naye."

Katika chumba cha vielelezo Koplo alikuwa amesimama katikati, kamba mkononi, uso umemshuka.

"Afande, kuna jambo."

"Liseme."

"Kamba imefunguka."

Wale watu wa mkokoteni waliikata kamba upande wa nyuma wa nguzo, kwa hiyo fundo lililobana mikono lilibaki zima, na Inspekta aliagiza lisiguswe na mtu. Koplo alikuwa ameligusa.

"Niliona ncha ndefu, nikasema nivute kidogo nione limekazwa kiasi gani. Lote likaachia."

"Ulivuta mara ngapi?"

"Moja tu, afande. Haki ya Mungu."

Alistahili kufokewa, na angefokewa, ila swali lilimwahi Inspekta. Nani anamfunga mwizi kwa fundo linaloachia kwa mvuto mmoja?

"Ulilipiga picha kwanza?"

"Nililipiga." Angalau.

Walizitazama picha hizo kwenye simu ya Koplo. Kwa mbele fundo lilionekana la kumfunga fahali. Kwa nyuma kulikuwa na ncha moja ndefu, imelazwa upande wa kiganja, kama mtu aliyempa mwenzake kitu akishike.

"Kwenye tamthilia halifunguki hivi," Koplo alisema. "Mimi sijakosa hata kipande kimoja."

"Kwenye tamthilia unaonyeshwa mbele tu. Twende hospitali."

*

Dada mkubwa wa mwalimu alikuwa ameketi kando ya kitanda na chupa ya maji yenye mrija. Aliwatazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Mmekuja kumwongezea pingu ya mguu?"

"Nimekuja kuuliza maswali, dada," Inspekta alisema.

"Uliza. Huyu mdogo wangu anasimama kwenye taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu, na mwanafunzi asiyesimama anamshusha. Huyo ndiye mwizi wenu. Jana shule yake imempigia simu, wanasema asirudi. Hata pole hawakusema."

"Ana ugomvi na mtu?"

"Na huyo huyo Mfagizi."

Koplo alikohoa.

"Yule mwigizaji," dada alifafanua. "Mwanafunzi wa mdogo wangu alikwaruza gari lake kwenye makutano. Badala ya kuzungumza kama watu, akashuka na kuanza kumpayukia mbele ya simu za watu." Alitoa yake, akaichezesha video. Mwanamume mwenye kidevu kizuri na shati lililofunguliwa vifungo alikuwa akimnyooshea kidole mwalimu wa udereva na kusema, kwa sauti ambayo nchi nzima inaijua, kwamba Mfagizi atampitia. Waliozunguka walishangilia.

"Huyo ndiye Sura," Koplo alinong'ona. "Ndivyo wanavyomwita kazini kwao."

Inspekta alimwinamia mgonjwa. Macho yalikuwa wazi, yamevimba, yanamfuata. "Mwalimu, usijaribu kusema. Tikisa kichwa tu. Aliyekufunga alikuwa na kitambaa usoni?"

Alikubali.

"Alisema neno lolote?"

Alikataa. Kisha akainua mkono usio na pingu, akaushika mkono wa Inspekta karibu na saa yake, akaugonga kwa kidole kimoja. Mara mbili. Akatulia, akamtazama kama mwalimu anayesubiri jibu.

"Wawili? Walikuwa wawili?"

Alikataa, akagonga tena vilevile. Inspekta alifungua mdomo kuuliza lingine, lakini muuguzi aliingia na kitanda cha magurudumu. Taya linakwenda kuungwa, alisema, maswali baadaye. Walimfungua pingu ya kitandani na kumtia ya kitanda kile kingine, na dada yake akageuka ukutani.

"Watu wawili, afande," Koplo alisema walipofika nje. "Sura na msaidizi wake."

"Amekataa kwa kichwa."

"Maumivu hayo."

Inawezekana. Inspekta aliandika "wawili" na alama ya kuuliza mbele yake, na alama ile ikamkera njia nzima.

*

Tamthilia ilikuwa ikipigwa kwenye ghala la zamani la magodoro. Ndani walijenga mtaa: kuta za mbao zilizopakwa rangi ya matofali, duka lisilo na nyuma, nguzo ya taa isiyo na umeme. Mlangoni, nyuma ya cherehani, fundi wa mavazi alikuwa akishona mkono wa koti jeusi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na macho yake yalikuwa mekundu. Katika watu wote mle ndani waliokuwa wakizungumza habari ya nguzo ya kweli kwa msisimko, yeye peke yake alikuwa amelia.

"Unamfahamu mwalimu wa udereva?" Inspekta alimuuliza.

"Ni mwalimu wangu. Ananifundisha gari tangu mvua zilipokatika." Alikata uzi kwa meno. "Si mwizi yule. Nimesema hapa, wakanicheka."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Ndiye mtu pekee anayeniambiaga nimefanya vizuri."

Alisema kwa sauti ya chini. Hata hivyo, mwanamume mpana aliyekuwa akikunja kamba hatua chache nyuma yake alisimamisha mikono kidogo, kisha akaendelea kukunja.

"Yule nani?"

"Mume wangu," alisema fundi wa mavazi. "Wanamwita Mgongo."

Mwongozaji alikuja kuwaeleza kwa nini, huku amevaa vipokea sauti shingoni. Mfagizi ni watu wawili, alisema kwa fahari. Anayezungumza, anayetoa machozi na anayeonekana kwenye mabango ya barabarani ni Sura. Anayepigana, anayeruka ukuta na kuanguka kutoka juu ya paa ni Mgongo, na kamera humpiga kwa nyuma tu. "Hata ile mikono inayofunga kamba, ukiiona kwa karibu, ni ya Mgongo. Sura ana mikono ya mtu wa benki."

"Kwa hiyo watazamaji hawamjui?"

"Wamjue wa nini? Tukimwonyesha uso, uongo wote umeharibika."

Mgongo aliyasikia hayo bila kuinua macho. Alionekana amekwisha kuyasikia mara nyingi.

Inspekta alianza na Sura, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kirefu akipuliziwa jasho la maji usoni.

"Jana alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Nani shahidi?"

"Mto." Alicheka, na vijana wa taa wakacheka naye.

"Ulimtishia mwalimu wa udereva mbele ya watu."

"Wamesimama na simu zao, dada yangu, unataka niwaambie nini? Niwasomee sheria za barabarani? Nimewapa walichokuja kuchukua." Debe tupu, Inspekta aliwaza, ila kuvuma si kosa la jinai.

"Mfunge Koplo mikono," alimwambia. "Kama Mfagizi."

Koplo aliitoa mikono yake kwa furaha ambayo hakuweza kuificha. Sura aliizungusha kamba mara nne, akatafuta ncha, akaipoteza, akaipata, akafunga kitu kama kamba ya kiatu cha mtoto. Koplo alijitikisa tu ikadondoka. Ghala zima likaangua kicheko. Mgongo hakucheka. Alitazama ile kamba sakafuni kwa raha ya mtu aliyeona haki imetendeka.

"Sasa wewe," Inspekta alimgeukia. "Nifunge mimi. Kwenye nguzo, kama mnavyofanya kazini."

"Nina kazi, afande."

"Ndiyo kazi hiyo," alisema mwongozaji. "Fanya haraka, tuna taa za kukodi."

Mgongo alimfunga. Mikono yake ilikuwa mikubwa na mikavu, na ilifanya kazi bila kutazamwa. Lakini alipomaliza mwongozaji alikunja uso. "Fundo gani tena hilo? Mpige la kwetu, lile la kuvuta."

"Hili linatosha."

Inspekta hakuwa akiwasikiliza. Nyuma ya nguzo, pale asipopaona mtu, kidole kilikuwa kimegonga mkono wake, karibu na saa. Mara mbili. Kikasubiri.

"Hii nini?" aliuliza, akijitahidi sauti isibadilike.

"Mgonge na wewe!" mwongozaji alisema. "Sheria ya hapa. Anayefunga anagonga mara mbili, maana yake uko salama? Aliyefungwa anajibu mara mbili. Asipojibu, kamera haiwashwi. Sheria hiyo kaileta Mgongo mwenyewe. Zamani walimfunga vibaya kwenye kazi ya watu wengine, mkono ukafa ganzi wiki nzima. Na ncha ya kamba lazima iwekwe kiganjani mwa aliyefungwa. Likitokea lolote anavuta, yuko huru."

"Watazamaji wanaliona hilo?"

"Kamwe."

Inspekta aligonga mara mbili. Mgongo alikuja mbele kumfungua, na wakati anafungua alikuwa akikitazama kidole chake mwenyewe kama kimemtukana. Fundo alikuwa amelibadili. Kidole hakukikumbuka.

*

Inspekta aliwachukua wote wawili. Sura kwa ajili ya kile kitisho, Mgongo, alisema, kwa ajili ya kusaidia kueleza mambo ya kamba. Habari zilifika kituoni kabla ya gari. Walikuta watu wamejaa uani hadi barabarani, simu zimeinuliwa, na Sura aliposhuka kelele zilitikisa vioo. Mfagizi! Mfagizi! Msichana mmoja alimpenya askari na kumgusa koti. Mgongo alishuka upande wa pili, na mtu mmoja tu alimsemesha, kumwambia asogee, anamzibia picha.

Mkuu alimkaribisha Sura ofisini kwake na kumwagizia soda. Inspekta alimweka Mgongo kwenye chumba cha mahojiano, ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama uani.

Alijua alichonacho na alijua hakitoshi. Kugongwa mkono mara mbili si ushahidi. Wakili yeyote angesimama na kusema kila mtu ghalani anagonga, na angekuwa sahihi. Fundo la kuvuta walilijua watu kumi pale ghalani. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi, na gari la mahabusu lilikuwa tayari linaoshwa. Alihitaji kinywa cha mtu huyu, na kinywa kilikuwa kimefungwa kuliko kile cha nguzoni.

Basi akaketi, akamwambia Koplo aandike.

"Wewe ni shahidi tu, kaka. Nisaidie kupanga maelezo, halafu uende zako. Koplo, andika: Sura alimvizia mwalimu langoni."

Koplo aliinua macho. Inspekta hakumtazama.

"Andika: Sura akambeba, mtu mzima na uzito wake, hadi kwenye nguzo."

"Sura?" Mgongo alisema.

"Yeye. Mkuu anaamini ni yeye, wale wa nje wanaamini ni yeye. Andika, Koplo: Sura akafunga fundo safi kabisa. Daktari ameshangaa, mikono haina hata mchubuko. Anasema huyo ni bingwa."

Nje walianza kuimba. Mgongo aligeuza shingo dirishani, akairudisha.

"Sura akipanda ngazi anashika kiuno," alisema.

"Wanasema ni mwepesi mno."

"Wanasema nani?"

"Watu. Mume wangu. Anasema hajaona mtu anayeruka ukuta kama Sura." Hilo lilikuwa kweli, na lilimtoka kwa uchungu ambao haukuwa wa kuigiza. "Na ile mikono, anasema, tazama ile mikono inavyofunga."

"Ile ni mikono yangu."

"Kwenye runinga. Mimi nazungumzia jana."

"Na mimi nazungumzia jana!" Alipiga meza kwa kiganja. Koplo aliacha kuandika. "Yule hajui hata kufunga mfuko wa takataka. Umemwona leo. Umemwona kwa macho yako, halafu unakaa hapo unamwandikia. Hata hili mnampa yeye?"

"Basi nimpe nani?"

Chini walikuwa wakipiga makofi kwa mpigo mmoja. Mgongo alisikiliza kidogo, mishipa imemsimama shingoni.

"Ni mimi," alisema. "Andika. Futa jina lake kwanza."

Koplo alifuta.

"Mwalimu aliiba nini?" Inspekta aliuliza.

"Hakuiba kitu."

"Basi kwa nini?"

"Nyumbani ni mwalimu kasema, mwalimu kasema. Mwalimu kasema nina jicho zuri la kioo cha pembeni. Mwalimu kasema nisiogope mlima. Anacheka peke yake jikoni, nikiuliza unacheka nini, ananiambia ungekuwepo ungeelewa." Alifuta mdomo. "Mimi naanguka kutoka kwenye paa, narudi siwezi kukaa, ananiuliza leo Sura alivaa lile koti jipya? Huyu anamfundisha kurudi nyuma tu na gari, akija anaimba."

"Kuna kitu kati yao?"

"Sijui. Hilo ndilo lilikuwa linanila. Ningejua, ningelala."

"Ukampiga."

"Sikumpiga." Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza Inspekta aliona uso wenyewe, uso wa kawaida tu, wa mtu unayeweza kusimama naye kwenye foleni. "Mimi sijawahi kumpiga mtu. Kazi yangu ni kukosa kwa karibu. Nilimfunga nikamvisha bango, basi. Nilitaka akutwe hivyo, aaibike, mke wangu asikie mwalimu wake ni mwizi. Ncha nilimwekea kiganjani. Nikamgonga, hakunijibu. Nikasema nikiondoka atavuta."

"Nani angemwambia avute?"

Mgongo alikikunjua kiganja chake, akakitazama. Ilionekana hajawahi kulifikiria, kwamba kuna watu duniani wanaofungwa bila kuelezwa jinsi ya kufunguka.

"Kwa hiyo taya," Inspekta alisema polepole. Hili ndilo swali ambalo hakumuuliza mwalimu asubuhi. "Taya alilivunja nani?"

"Watu. Alikuja mama mmoja akasoma bango kwa sauti. Wakaja wengine. Mmoja akamzaba kofi, kisha ikawa kama foleni."

"Umejuaje?"

Mgongo aligeukia dirisha.

"Ulikuwa wapi?"

"Ng'ambo ya barabara. Nimekaa kwenye mtaro."

"Mwanzo mpaka mwisho?"

"Mpaka walipoleta mkokoteni."

"Ungewaambia. Neno moja tu, kwamba hakuiba."

"Nilisimama niwaambie." Sauti ilikuwa imemwishia. "Nimefika katikati ya barabara, wakaanza kupiga makofi. Wanasema tazama fundo hilo, tazama kazi hiyo, hii ni kazi ya Mfagizi mwenyewe. Miaka yote hii, afande, mimi sijawahi kupigiwa makofi. Nikasimama."

Koplo, ambaye hakukosa hata kipande kimoja cha tamthilia ile, aliweka kalamu chini na kuichukua tena.

Inspekta alimsomea maelezo yake yote. Mgongo aliomba karatasi, akaandika majina yake matatu kwa herufi kubwa, taratibu, na kutia sahihi ndefu yenye mkia. Akauliza kama majina yatatajwa kwenye habari. Inspekta alisema hapangi habari. Alimpigia simu askari wa wodini na kumwambia afungue pingu, na asogeze simu ili yeye aisikie ikifunguka. Aliisikia. Nyuma yake alimsikia dada akiuliza nani atampigia yule mkuu wa shule ya udereva, kwa kuwa yeye akimpigia atamtukana. Inspekta alisema atapiga yeye.

Kisha alishuka hadi kwenye ngazi za mbele. Mkuu alikuwa amemtoa Sura, na Sura alikuwa akipunga mikono yote miwili. Ilichukua muda watu kunyamaza.

"Mwalimu wa udereva hakuiba kitu," Inspekta alisema kwa sauti ya kuitia watoto. "Hajaiba, hakuna aliyemlalamikia. Aliyemfunga amepatikana, amekiri. Na aliyemfunga hakumgusa taya. Waliomvunja taya ni waliomkuta. Wengi wenu mlipiga video. Nitazitazama zote, kuanzia sasa."

Simu zilianza kushuka, moja hapa, mbili pale, zikaingia mifukoni. Mzee mmoja mwenye mkokoteni aligeuza mkokoteni wake na kuanza kuondoka bila kukimbia.

"Nani aliyemfunga?" msichana wa mbele aliuliza. "Si Sura?"

"Si Sura. Ni Mgongo."

Walitazamana. Mtu mmoja aliinua mabega. Juu yao dirisha la ghorofa ya kwanza lilikuwa wazi, na mle ndani mtu alikuwa anasikiliza.

"Mgongo ndiye nani?" msichana aliuliza, na kwa kuwa hakuna aliyejua, walimgeukia Sura, wakaendelea kupiga makofi.